Aliyemfundisha Kasuku Wetu Kusema

Faida, mwanangu,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko mtoni na shangazi yako, mnafua kitenge cha safari kwa mara ya tatu, utadhani huko Kindu wanakagua pindo za nguo kwenye stesheni. Mimi nimekaa barazani tangu nilipomaliza sala ya alasiri, karatasi juu ya ule ubao wangu wa zamani wa kuchunia ndege, na nataka niwe nimemaliza kabla hamjarudi. Kwa hiyo salamu naziruka.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutolala karibu na mlango wa treni, na ya wanaume wenye viatu vinavyong'aa, shangazi yako ameyasema mpaka ukaziba masikio. Sina la kuongeza. Nina jibu la swali moja tu, na swali lenyewe uliniuliza ukiwa na miaka saba.

Ulikuwa umesimama chini ya tundu la kasuku wetu, Sultani. Akasema maneno yake ya kila siku: "Baba, fungula." Ukacheka, ukamfungulia kama kawaida yako, kisha ukanigeukia.

"Baba, nani alimufundisha Sultani kusema vile?"

"Hakuna mutu. Kasuku inaokota maneno popote."

"Lakini hii iko sauti ya mwanamuke."

Nikakutuma ukachote maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Aliyemfundisha ni dada yako Mwayuma. Alimfundisha kwa siku mbili, bila kukusudia, ndani ya kile kibanda cha nyuma tunakoweka majembe. Umekua ukiambiwa kwamba alikufa kwa homa. Homa ilikuwepo, sikatai. Lakini homa haikufunga mlango kwa nje. Niliufunga mimi, baba yako.

Kesho asubuhi nitaishona barua hii ndani ya kitambaa na nitakuapisha usiifungue mpaka uwe umevuka Lualaba. Upande huu wa mto ungeweza kushuka kwenye kamyo, lile lori la safari, ukanirudia kwa hasira, au kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi, na nafasi yako kwenye shule ya ukunga ikapewa mwingine. Ukiwa ng'ambo, treni haitakungoja ulie. Utaisoma yote, kisha utaamua kama bado una baba hapa Wamaza au huna. Sikuombi uamue haraka.

Unajua kwamba nilikuwa mtegaji wa ndege, lakini kazi yenyewe huijui, maana niliiacha wakati wewe huwezi hata kujifunga nguo. Acha nikueleze, kwa sababu bila hiyo hutaelewa ujinga wangu ulitoka wapi.

Kasuku wa kijivu, huyu mwenye mkia mwekundu, hulala kwa makundi. Jioni wanakuja kwa pamoja kwenye mti wao, wanagombana kuhusu matawi mpaka giza liingie. Mtegaji anachukua kasuku mmoja aliyekwisha kufugwa, anampunguza manyoya ya bawa, anapanda naye na kumfunga kule juu, kisha anayapaka ulimbo matawi ya jirani. Jioni yule mmoja anaita. Wenzake wanasikia sauti ya mwenzao, wanashuka bila wasiwasi, wananata. Mwitaji wangu alikuwa Sultani. Ameita wenzake wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kasuku aliyenaswa ana hasira. Kumbuka kidole changu cha shahada, kile unachokiita mkia wa mjusi, utajua. Sheria ya kumtuliza tuliirithi kwa babu zetu, na ni hii: mfungie gizani siku tatu. Maji mpe, chakula usimpe, na usimwonee huruma hata akilia vipi. Siku ya kwanza atapiga kelele mpaka majirani wakutukane. Siku ya pili kelele zitapungua. Akishanyamaza, subiri kuche, halafu ingia na ndizi mbivu mkononi. Atakula kiganjani mwako, na tangu hapo ni wako mpaka mmoja wenu afe. Nilifanya hivyo miaka na miaka, na sheria haikuwahi kunidanganya. Huo ndio ubaya wake. Kitu kisichokudanganya unaacha kukitazama.

Kisha akaja Mzungu mmoja kukusanya ndege wa kupeleka kwenye nyumba ya kuwaonyesha huko kwao Ulaya. Jina lake lilitushinda ulimi, tukamwita Bwana Ndege. Alikuwa mrefu, mwenye ngozi nyekundu na mwenye haya, na alisema Kiswahili chake kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Nilimtegea, nikamchunia, nikamkaushia. Herufi hizi zenyewe ninazokuandikia, alinifundisha yeye, ili niandike vile vikaratasi vinavyofungwa miguuni mwa ndege waliokufa: jina, mahali, dume au jike. Chuoni kwa mwalimu nilijifunza herufi za Kurani. Hizi za Kizungu nilizijifunza miguuni mwa maiti, ndiyo maana mwandiko wangu unauona umesimama wima hivi, kama unaogopa.

Mwayuma alikuwa na miaka tisa wakati huo. Wewe ulikuwa bado kwa Mungu. Alikuwa mtoto mwembamba, wa haraka, asiyekaa kitako. Mama yako alikuwa akimtuma chumvi kwa jirani, anarudi kabla hujakumbuka kwamba umemtuma. Alipenda kukaa na Bwana Ndege kwa sababu alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za ndege wa dunia nzima.

Siku moja akafika kwenye ukurasa mmoja, akashindwa kuuvuka. Palikuwa na kandege kadogo sana, mgongo wa kijani, koo jekundu linalowaka, mdomo mrefu mwembamba. Akafikiri ni chozi, yule ndege wetu mdogo anayenyonya maua ya migomba hapo nyuma ya jiko.

"Hii iko chozi!" akasema.

"Hapana," akasema Bwana Ndege. "Hii kolibri. Inakaa Amerika. Chozi hapana ndugu yake. Kazi moja tu, sura moja."

Akatueleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Chozi hutua kwenye tawi, ndipo anyonye. Kolibri hasimami popote, ananing'inia hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mpaka huyaoni, na akitaka anarudi kinyumenyume. Uzito wake hauzidi ule wa jani kavu, na bado kila mwaka anavuka bahari nzima bila kutua, na mwaka unaofuata anarudi kwenye ua lilelile. Nilimwona mwongo, ila nilinyamaza kwa sababu alikuwa Mzungu. Kisha akasema jambo lililomfurahisha Mwayuma kuliko yote. Usiku wa baridi, kolibri huyu hulala usingizi unaofanana na kifo. Mwili unapoa, moyo unakaribia kusimama, ukimshika utasema amekwisha. Asubuhi jua likimgusa, anatetemeka, anapata joto, anaruka.

"Anafufuka kila siku?" Mwayuma akaniuliza.

"Muzungu anasema vile."

Kwa wiki nzima alijilaza kwenye mkeka uani asubuhi, macho yamefumbwa, mikono imekunjwa, na ilibidi mtu ampeleke juani ndipo "afufuke". Mama yako alimbeba mara mbili tatu. Mimi nilimruka nikaenda zangu.

Bwana Ndege alipenda kulinganisha, na mimi nilimpa nilichojua. Kasuku anaishi umri wa mtu, chozi huwezi kujua kama huyu wa mwaka huu ndiye yule wa mwaka jana. Kasuku anakula chikichi na kushiba, kisha anakaa kimya nusu ya siku. Chozi anakula tangu kuche mpaka jua lizame na hashibi. Kasuku anashika kwa mguu kama mtu ashikavyo kijiko. Chozi miguu yake ni ya kushikia tawi tu. Nikamwambia kasuku ndiye mwenye akili. Akaandika yote, lakini hili la mwisho aliliandika akitabasamu.

Akataka chozi mzima, hai. Nikamnasa mmoja kwa ulimbo kwenye ua la mgomba, nikamsafisha vizuri, nikamtia kikapuni, nikafunika, kama nijuavyo. Akalia kidogo. Mchana akanyamaza. Nikamwendea Bwana Ndege nikiwa na furaha.

"Bwana, amekubali."

Akafunua kikapu, akamchukua, akamlaza kiganjani. Kichwa kikaanguka pembeni.

"Hapana kubali," akasema. "Kufa." Kisha, taratibu, akitafuta maneno: "Kasuku ikinyamaza, iko nafikiri. Hii ikinyamaza, iko nakufa. Hii hapana siku tatu ndani ya mwili. Iko siku moja tu."

Mwayuma alilia mpaka jioni. "Baba, haukusikia alikuwa analia? Kwa nini haukumufungulia?" Nikamcheka. Nikamwambia ndege ni ndege, migomba imejaa wengine. Niliambiwa, Faida. Niliambiwa kwa mdomo wa Mzungu na kwa mdomo wa mtoto wangu, siku moja, kwa Kiswahili nilichokielewa.

Bwana Ndege akaondoka na masanduku yake. Ikabaki pamba. Wewe umekulia ndani ya pamba, huna haja ya kuelezwa. Kila mwanamume na shamba lake la lazima, na kapita, msimamizi wa pamba, wa kupita kupima na kuripoti, na fimbo na gereza kwa asiyelima. Mimi sikuwa mkulima. Shamba langu lilikuwa aibu, nyasi zilinizidi kimo. Kapita mmoja, mwenye makao yake upande wa Lusangi, alikuja kulitazama mara mbili, mara ya tatu akamtazama Mwayuma. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Sitakuambia kwamba nilimuuza. Watu walikuja, mahari ikaja, kila kitu kwa desturi, na majirani walinipongeza. Lakini tangu siku ile hakuna aliyekuja tena kulipima shamba langu, na mimi nikarudi msituni kwa kasuku wangu kwa amani. Nililijua hilo kabla sijasema ndiyo. Mama yako pia alilijua, na alinieleza, nami nikamwambia mambo ya wanaume ayaache.

Mwayuma alirudi nyumbani kwa miguu baada ya miezi mitatu. Nikamrudisha. Akaja tena masika. Nikamrudisha, nikaomba radhi kwa kapita kwa mikono miwili. Mara ya tatu alifika asubuhi moja ya mvua, miguu imevimba, kitenge kimemshika mwilini kwa maji. Mama yako alikuwa amekwenda matangani kwao, upande wa Kasongo, wewe mgongoni, ulikuwa na miaka mitatu. Nyumbani nilikuwa mimi na Sultani.

"Baba, kule mie siwezi. Usinirudishe."

"Mwanamuke iko na bwana yake. Nani alikufundisha kukimbia-kimbia vile?"

"Nipige. Lakini usinirudishe."

Sikumuuliza kwa nini. Leo ningetoa kidole hiki kilichobaki kizima ili nimuulize. Sikuuliza kule kuna nini, hakuna nini, nani anakufanya nini. Nilitazama shamba langu lenye nyasi, nikamwona kapita akija na wenye fimbo, nikaona aibu ya kumrudisha binti mara ya tatu akiwa bado na ulimi wa kukataa. Nikasema moyoni: huyu hajatulia bado. Na kwa jambo lisilotulia mimi nilikuwa na sheria moja tu.

Nilimwingiza kwenye kibanda cha kasuku, kile kisicho na dirisha ambamo siku hizi tunaweka majembe. Nikamtilia mtungi wa maji. Nikaweka komeo.

Unataka kujua kama nilikuwa na hasira. Sikuwa nayo. Ningekuwa nayo ningempiga, yakaisha. Nilikuwa mtulivu, kama mtu anayefanya kazi anayoijua.

Siku ya kwanza aligonga. "Baba, fungula. Baba, fungula." Jirani mmoja aliuliza kuna nini, nikamjibu namfundisha binti yangu adabu, akasema ni vyema, wa siku hizi wamezidi. Siku ya pili sauti ilishuka. Nilikaa nje ya mlango, mgongo kwenye ukuta wa udongo, nikisokota kamba, na kwa upande wa pili wa ukuta ule alikuwa akisema maneno yaleyale mawili, polepole, bila kugonga tena. Sultani alikuwa humo ndani naye, juu ya kijiti chake. Sikufikiria kumtoa.

Alasiri ya siku ya pili akanyamaza.

Nilifurahi, Faida. Hili ndilo neno ambalo limenichukua miaka kumi na minne kuliandika. Nilisikia kimya kile nikasema Alhamdulillahi, amekubali. Nikaenda mgombani kutafuta ndizi iliyoiva vizuri, bila doa, nikaiweka pembeni kwa ajili ya asubuhi. Nililala usingizi mzuri.

Kulipokucha nikatoa komeo, nikaingia na ndizi mkononi. Alikuwa amelala kando ya mtungi, uso ukutani. Nikamwita. Nikamgusa bega, baridi.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi akili yangu ilikimbilia kwenye ukurasa ule wa kitabu. Nikambeba, alikuwa mwepesi mno, nikamlaza kwenye mkeka uani, mahali palepale alipokuwa akijilaza utotoni, nikangoja jua. Lilikuwa bado nyuma ya miti. Likatoka, likamshika miguu, likapanda magotini, likapanda tumboni. Nilikuwa namwambia, "Sasa, Mwayuma. Sasa." Likamfika usoni. Likampita. Majirani waliponikuta, ndizi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Muuguzi wa dispensari alisema homa, tena kali, ameibeba njiani kwenye mvua. Nikaidaka homa ile kama mtu anayezama adakavyo jani. Mama yako aliporudi nilimwambia homa. Alimwosha mtoto wake, akamzika, akakaa matanga, hakuniuliza kitu.

Siku chache baada ya arobaini, mama yako alikuwa uani akipepeta mchele, wewe umelala kwenye kivuli. Nilikuwa nimemtundika Sultani kwenye boriti ya baraza. Akatikisa manyoya, akasema, kwa sauti ya Mwayuma, si ya kelele, ile ya siku ya pili:

"Baba, fungula."

Ungo ukasimama hewani. Akasema tena, na tena, akiteremsha sauti kila mara, kama alivyosikia. Mama yako akageuka, akatazama kile kibanda. Akatazama komeo. Akanitazama mimi. Hakuna aliyemwambia kitu, na alielewa yote.

Niliinuka nikamkamata Sultani shingoni. Nilitaka kumaliza.

"Umuache," mama yako akasema. "Wewe ukimuua huyu, hata sauti yake sitaisikia tena."

Nikamwacha. Ungo ukaendelea. Jioni akaniletea chakula, akakiweka mbele yangu, akasema, "Baba Faida, chakula iko tayari."

Umewahi kuniuliza kwa nini watu wote wa hapa wananiita Baba Mwayuma, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza kama ilivyo desturi, na mama yako peke yake aliniita Baba Faida. Ulidhani alikupenda wewe zaidi. Alikupenda sana, lakini haikuwa hivyo. Tangu siku ile mpaka siku tuliyomzika, jina lile alininyima. Hakuniacha, hakunitukana, hakuwaambia ndugu zake. Alinivua mtoto wake tu. Na siku zake za mwisho, ulipokwenda kumtafutia dawa, aliniambia, "Utamuambia Faida. Mie sikuweza." Nimechukua miaka miwili mingine kupata ujasiri. Mimi si jasiri, unajua hilo, hata nyoka wa jikoni umemuua wewe.

Sasa yatazame tena mambo yangu uliyoyachukia. Yule kijana wa Kabambare aliyekuja kukuposa kiangazi kilichopita, nikamwambia aondoke hata kabla hajamaliza chai, ukasema nina kiburi. Nilikuuliza unamtaka, ukainama kimya, na shangazi yako akapiga kigelegele kwamba kimya cha msichana ni ndiyo. Desturi inasema hivyo. Mimi kimya cha msichana nakiogopa kuliko chui. Na ulipopata nafasi Kindu, wakaja wazee kuniambia binti hapelekwi mbali hivyo, atapotea, mfunge. Neno hilo hasa walilitumia. Niliwafukuza barazani kwangu, na bado wananinunia msikitini.

Sikupi mausia. Nani ayachukue mausia kwangu? Lakini utafanya kazi ya ukunga, na kuna jambo moja nililolinunua ghali ambalo huenda wakubwa wa huko hawatakuonyesha. Mwanamke anayepiga kelele bado yuko nawe. Watamwambia anyamaze, asiwasumbue. Wewe usimwambie. Na akinyamaza ghafla, usifurahi, usiende kunywa chai ukisema ametulia. Inuka. Msogelee, mguse, muulize jina lake, muulize kwa nini. Labda ni kasuku, anafikiri tu, atakucheka. Bora akucheke.

Miaka yote nilitaka kujua Mwayuma alikuwa ndege gani. Siku hizi naona hata hilo ni hila yangu ya mtegaji, kutaka kumwandikia kikaratasi cha mguuni. Alikuwa mtoto aliyesema wazi anachotaka, kwa maneno mawili, kwa siku mbili, na hayakuhitaji mtu aliyesoma vitabu kuyaelewa.

Wewe uliyaelewa. Ulikuwa na miaka minne ulipoanza kufika kwenye kilango cha tundu kwa kusimama juu ya kinu. Sultani akisema "Baba, fungula," unaacha unachofanya, unakimbia, unamfungulia. Angekuita mara kumi kwa siku, mara kumi unakwenda. Jioni unamfungia paka wasimle, asubuhi akisema unafungua. Hata manyoya yake yalipoota upya hakuruka mbali, alikwenda mpaka boriti akarudi. Mama yako alikuwa akikutazama na kujifuta uso kwa kanga. Mimi, kwa miaka kumi na minne, sijamfungulia hata mara moja. Nilikuwa natoka nje. Katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyesikia maneno yale ukafungua mlango.

Hilo ndilo linalonivunja kwa safari yako. Si kwamba nitakosa wa kunipikia. Nitabaki na sauti ile, na hakutakuwa na mtu wa kuijibu.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka kwenye kamyo. Nitasema mambo ya kipuuzi kuhusu mvua na barabara. Usidhani sina la kusema, utakuwa umelibeba begani, ndani ya kitambaa.

Ukishasoma, nakuomba kitu kimoja. Siombi msamaha, mwenye kuutoa yuko pale nyuma ya migomba na mama yake. Naomba usininyamazie. Kimya chako sitajua ni cha aina gani. Nitakaa hapa nikikipimapima, nikijidanganya kwamba umekubali, nami nimekwisha jidanganya hivyo mara moja. Kama hunitaki tena, niandikie kwamba hunitaki. Kama utarudi, niandikie. Kama hujui, andika hujui. Nitasoma lolote lenye mwandiko wako.

Nasikia mnacheka huko chini njiani, mmekaribia kufika. Na Sultani amesema tena, sasa hivi, nikiwa kwenye mstari huu. Leo hujafika bado, na hakuna mtu mwingine nyumbani. Naweka kalamu chini, nakwenda kumfungulia.

Baba Mwayuma